Mfalme Sama, mtoto wa kisiwani

Ndugu zangu, habari za jioni. Mliokaa nyuma kabisa sogeeni mbele, viti vipo.

Nilipomwambia jirani yangu kwamba leo nitazungumzia Korea, aliniuliza, "Hiyo ya kwenye tamthilia?" Nikamjibu ndiyo, hiyo hiyo, ila turudi nyuma miaka 1,500. Wakati huo rasi ya Korea ilikuwa na falme tatu kubwa zinazogombana: Goguryeo kaskazini, Silla mashariki, na Baekje magharibi. Mtu wetu wa leo alitawala Baekje kuanzia 501 hadi 523. Vitabu vinamwita Muryeong, lakini jina hilo alipewa akiwa keshakufa, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo akageuka. Jina lake la uhai tulilithibitisha juzi tu, kwa sababu ya mvua.

Ilikuwa Julai 1971, mjini Gongju. Kwenye kilima cha Songsan kulikuwa na makaburi ya kifalme yaliyokwisha kufunguliwa zamani, na moja lilikuwa linaingiza maji. Vibarua wakatumwa kuchimba mfereji nyuma yake kabla masika ya huko hayajakolea. Tarehe 5 chombo kikagonga tofali. Wakafukua kidogo, tofali jingine, na jingine, mpaka ukaonekana upinde wa mlango. Makaburi ya jirani wezi walikuwa wameshayakomba, hili hawakulijua.

Tarehe 8 wakafungua. Aliyeongoza kazi alikuwa Kim Won-yong, mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa. Alipochungulia alikutana na mnyama wa jiwe, mnene kama nguruwe, kimo cha sentimita 30 hivi, pembe ya chuma imechomekwa kichwani na mdomo umepakwa nyekundu. Mbele ya mnyama, chini, yamelazwa mawe mawili bapa, na juu ya mawe kuna fungu la sarafu za chuma za Kichina, kama 90 hivi. Mawe yameandikwa.

Nawasomea la kwanza kwa Kiswahili changu: Jemadari Mkuu Mtuliza Mashariki, Mfalme Sama wa Baekje, mwenye umri wa miaka 62, alitawafu siku ya 7 ya mwezi wa 5. Mwaka waliouandika kwa hesabu yao ni 523 kwetu. Wakaongeza kwamba alilazwa kaburini siku ya 12 ya mwezi wa 8, mwaka 525. Yaani maiti ilikaa miezi 27 ikisubiri maziko. Kati ya makaburi yote ya wafalme wa Baekje, hili ndilo pekee lililokutwa na jina la mwenyewe.

Neno "alitawafu" sikuliweka kwa bahati mbaya. Sisi tuna kufa, tuna kufariki, tuna kutawafu, na kila neno lina watu wake. Kichina cha wakati ule, ambacho ndicho walichoandikia, nacho kilikuwa na ngazi zake za kufa, na neno lililochongwa pale ni la ngazi ya juu kabisa, la kaizari. Sasa oneni ujanja. Cheo hicho cha ujemadari alipewa mwaka 521 na Kaizari Wu wa Liang, kusini mwa China, kama bwana anavyomtunukia mtu aliye chini yake. Watu wa Baekje wamekipokea, wamekichonga kwa heshima zote, halafu mstari huo huo wakamlilia mfalme wao kama kaizari. Nani angeshuka chini ya ardhi kwenda kusoma?

Kosa lililofuata nalo nilitaje. Habari zilivuja, waandishi wa habari na wakazi wa mji wakafurika, kijiko cha shaba kikavunjwa katika kusukumana kupiga picha. Kwa kuchanganyikiwa, wataalamu wakaamua kumaliza kazi upesi. Kaburi ambalo lingestahili miezi mingi lilikombwa usiku mmoja, vitu vidogo vikizolewa pamoja na uchafu wa sakafuni na kutiwa magunia. Kim Won-yong alikiri baadaye mwenyewe, na aliishi na majuto hayo.

Turudi kwenye jina. Kuna historia ya Korea iliyoandikwa mwaka 1145, Samguk Sagi. Inasema mfalme huyu alikufa mwezi wa 5 mwaka 523, sawasawa na jiwe, ingawa mwandishi alikuwa mbali naye kwa karne sita. Lakini kitabu hicho hicho kinamfanya mtoto wa Dongseong, mfalme aliyemtangulia. Pigeni hesabu: aliyekufa na miaka 62 mwaka 523 alizaliwa karibu 462. Dongseong alipoketi kitini mwaka 479 alikuwa bado kijana mdogo. Mtoto gani huyo anayemzidi baba yake umri?

Kitabu cha Wajapani, Nihon Shoki, kina hadithi nyingine. Mfalme Gaero wa Baekje alimtuma mdogo wake Konji kwenda Japani. Konji akaomba apewe mke mmoja wa mfalme, naye mfalme akampa mwanamke mjamzito kwa sharti kwamba akijifungua njiani, mtoto arudishwe nyumbani. Uchungu ukamshika kwenye kisiwa kidogo cha Kakara, karibu na Kyushu. Mtoto akaitwa Shima, yaani kisiwa, na Wakorea wakalitamka Sama. Kwetu kina Masika na Safari wamejaa, kwa hiyo jina la namna hiyo halitushangazi. Nani hasa alikuwa baba, Gaero au Konji, mimi siamui ugomvi huo. Ila mwaka wa kuzaliwa unaotajwa na Wajapani unakaribiana sana na ule wa jiwe.

Sama alipofika umri wa miaka kumi na minne hivi, Baekje ilianguka kifudifudi. Inasimuliwa kwamba Goguryeo walimtuma mtawa aitwaye Dorim, fundi wa baduk, ule mchezo wa kete nyeusi na nyeupe ambao Gaero aliupenda kupita kiasi. Dorim akawa rafiki wa kucheza naye, akamshawishi ajenge majumba na kuta za fahari mpaka ghala zikakauka na watu wakachoka. Kisha akatoroka kwenda kutoa taarifa. Mwaka 475 jeshi la Goguryeo likauteka mji mkuu, ulipo Seoul ya leo, na Gaero akauawa. Waliosalia wakakimbilia kusini, Ungjin, ambayo ndiyo Gongju. Huko nako Mfalme Munju akauawa, aliyemrithi akafa akiwa bado mtoto, na mwaka 501 Dongseong naye akauawa kwa njama ya mkubwa mmoja, Baek Ga.

Hicho ndicho kiti alichokikalia Sama, akiwa na miaka kama 40. Baek Ga akaasi katika ngome yake. Mfalme akamfuata, akamwua, na mwili ukatupwa mtoni.

Baada ya hapo kazi yake ikawa ya chini chini, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko vita. Mwaka 506 njaa ilipoingia, alifungua maghala ya serikali. Mwaka 510 aliamuru kingo za mabwawa ziimarishwe na watu wanaozurura mjini na mikoani warudishwe mashambani. Ndugu wa ukoo wake waliwekwa kusimamia wilaya 22. Wasomi wakapelekwa Japani. Vita vilikuwepo: mwaka 512, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, aliongoza mwenyewe wapanda farasi 3,000 dhidi ya Goguryeo, adui akawadharau kwa uchache wao, akapigwa. Mwaka 521 aliwaambia watu wa Liang kwamba Baekje imekuwa tena nchi yenye nguvu.

Kaburi lenyewe linaonyesha alikuwa na marafiki wapi. Limejengwa kwa matofali yenye maua ya yungiyungi, kwa mtindo wa Liang. Majeneza ni ya mbao za mti unaofanana na msonobari, ambao kwa asili huota Japani tu. Na ardhi ilinunuliwa. Jiwe la pili ni hati ya mauziano: sarafu 10,000 zimelipwa kwa mizimu ya ardhi. Kumbukeni juu ya mawe zilikutwa kama 90.

Malkia alikufa 526, akazikwa pembeni ya mumewe mwaka 529. Hawakuchonga jiwe jipya. Waliigeuza hati ile ya ardhi, wakaandika habari zake upande wa pili, na jina lake hawakulitaja. Ila mkono wake wa kushoto ulikuwa na bangili mbili za fedha zenye nakshi ya joka. Kwa ndani, pale panapogusa ngozi, fundi alichonga mwaka, ambao ni 520, na uzito wa fedha, na kwamba aliyezitengeneza ni yeye, Dari.