Namhansanseong: Mji Mkuu wa Dharura Mlimani

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunaizungumzia Namhansanseong, ngome ya mlimani iliyoko kilomita 25 hivi kusini-mashariki mwa Seoul, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2014. Kaka Idrisa, Korea ina ngome nyingi za milimani. Hii ina nini cha pekee?

IDRISA: Dada Rehema, hii iliandaliwa iwe mji mkuu wa dharura, wala si kambi ya askari tu. Ukuta wake unafuata migongo ya vilima na kulizunguka bonde ambalo ndani yake mlikuwa na kasri, maghala, mahekalu na nafasi ya wakazi wapatao 4,000. Baadaye paliongezwa hata jengo la kuhifadhia vibao vya ibada vyenye majina ya mababu wa mfalme, kwa sababu kwa watawala wa Joseon, dola ya Korea ya wakati huo, mfalme aliyekimbia bila vibao hivyo alikuwa kama ameiacha dola nyuma yake.

REHEMA: Waliojenga walikuwa nani?

IDRISA: Kazi kubwa ya miaka ya 1624 hadi 1626, zama za Mfalme Injo, ilifanywa kwa sehemu kubwa na watawa wa Kibudha chini ya Byeogam Gakseong, na watawa wakaendelea kuwa walinzi wa ngome hiyo. Dola yenyewe ilifuata mafundisho ya Confucius na kuwaweka watawa daraja la chini kabisa, lakini ilipofika zamu ya kumlinda mfalme, waliitwa haohao.

REHEMA: Na miaka kumi baadaye ngome ikajaribiwa.

IDRISA: Ilijaribiwa kweli. Mwishoni mwa 1636 majeshi ya Qing, dola ya Wamanchu wa kaskazini, yaliingia kwa kasi, yakamfungia Injo njia ya kukimbilia kisiwa cha Ganghwa, naye akapanda Namhansanseong na askari wapatao 13,000 katikati ya baridi kali. Alizingirwa siku 47. Chakula kilipungua, na maofisa wakagawanyika: Choe Myeong-gil aliandika barua ya kuomba amani, Kim Sang-heon akaichana, na inasimuliwa kwamba Choe aliviokota vipande na kuviunganisha upya.

REHEMA: Kwa hiyo adui hakuiteka ngome?

IDRISA: Hakuiteka. Kilichomshusha Injo ni njaa, pamoja na habari kwamba Ganghwa imeanguka na wana wa mfalme waliokuwa huko wametekwa. Alitoka kwa Lango la Magharibi, akaenda Samjeondo kando ya mto Han, na mbele ya Hong Taiji, mfalme mkuu wa Qing, akapiga magoti mara tatu na kuinamisha kichwa hadi chini mara tisa. Mnara wa jiwe uliosimamishwa hapo mwaka 1639, wenye maandishi ya Kimanchu, Kimongolia na Kichina, bado uko Seoul.

REHEMA: Mimi hunijia akilini Sigiriya ya Sri Lanka, ambako Mfalme Kashyapa alijenga kasri juu ya jabali la karibu mita 200 katika karne ya 5. Kitabu cha kale cha historia ya kisiwa hicho kinasema aliteremka kupigana na ndugu yake uwandani, jeshi likamkimbia, akajiua.

IDRISA: Naye jabali halikumfaa. Warithi wa Injo, hata hivyo, hawakuitupa ngome yao. Mfalme Jeongjo aliitembelea mwaka 1779, ikakarabatiwa, na kati ya 1794 na 1796 akajenga ngome ya Hwaseong huko Suwon, karibu na kaburi jipya la baba yake. Hapo mafundi walitumia mashine ya kunyanyulia mawe iliyobuniwa na msomi Jeong Yak-yong, na vibarua walilipwa ujira.

REHEMA: Na yote yakaandikwa.

IDRISA: Yote: michoro, vifaa, gharama, hata majina ya mafundi. Kitabu chenye kumbukumbu hizo kilichapishwa mwaka 1801, na sehemu za Hwaseong zilizoharibiwa katika Vita vya Korea zilipojengwa upya katika miaka ya 1970, ndicho kilichofuatwa.