Umeme wa Kigasha Vidole Vinapocheza

Ndugu wasikilizaji, kabla sijaendelea naomba kila mmoja ashike kigasha chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kisha akunje vidole vya mkono ulioshikwa, kimoja baada ya kingine. Kinachojikaza chini ya ngozi ndicho tutakachokizungumzia. Misuli midogo ya kiganjani husaidia, lakini nguvu kubwa ya kukunja vidole hutoka huku juu, nayo hufika vidoleni kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono.

Neva inapouamuru msuli ujikaze, nyuzi zake hutoa umeme hafifu ambao juu ya ngozi haupiti milivolti chache. Mwaka 1849 Emil du Bois-Reymond, mwanafiziolojia wa Ujerumani, aliunasa umeme huo kwa mtu aliyejikaza kwa hiari yake. Ngozi ilimzuia kiasi kwamba ilibidi itiwe malengelenge na utando wa juu uondolewe. Siku hizi tunanyoa nywele na kusugua kwa spiriti, kisha tunabandika elektrodi mbili, yaani vibandiko vinavyonasa umeme huo, kufuata mwelekeo wa nyuzi, vitovu vyake vikiachana sentimita 2, na ya tatu juu ya mfupa, kwa mfano kwenye kiwiko.

Ugumu wenyewe ni msongamano. Upande wa ndani wa kigasha, msuli unaokunja kiungo cha kati cha kidole umelala juu ya ule unaokunja ncha, na kando yao ipo misuli ya kukunja kifundo. Elektrodi haichagui, bali hupokea jumla ya umeme wote uliopo karibu. Kwa hiyo mimi hushikilia utaratibu mmoja bila kuulegeza: kabla ya kurekodi chochote, mpimwaji akunje kidole kimoja kimoja, kisha akunje kifundo peke yake huku vidole vimelegea, nasi tukitazama mawimbi kwenye kompyuta. Kifundo kikiyainua mawimbi kuliko vidole, tunabandua na kutafuta mahali pengine, hata kama ni mara ya nne.

Lakini si kila mchanganyiko ni kosa la elektrodi. Wekeni kiganja mezani, kunjeni kidole cha kati chini yake, mjaribu kuinua cha pete. Hakiinuki, au huinuka kidogo sana, kwa sababu nyuma ya mkono kano zimeunganishwa kwa vishipi. Anayeambiwa ainue kidole hicho pekee huweza kuikaza misuli ya jirani bila kujua, na mawimbi husema kweli.

Vilevile, milivolti si kipimo cha nguvu. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hupunguza umeme unaofika juu, ndiyo maana kwanza tunampima mtu akijikaza kwa uwezo wake wote, kisha vipimo vingine tunavieleza kwa asilimia ya hicho.

Natilia mkazo mahali pa kubandika kwa sababu ya watu waliokatwa mkono chini ya kiwiko. Mtu kama huyo akinuia kufumba vidole asivyokuwa navyo, msuli uliobaki bado hujikaza, na umeme wake huweza kuendesha mkono wa bandia. Elektrodi ikikaa juu ya msuli wa kifundo, mkono huo unaweza kufumba wakati mwenyewe hakukusudia, naye ameshika kikombe cha chai ya moto.