Jetski Nayo ni Chombo

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nashukuru kuwaona vijana mnaokodisha jetski, wenye mashua za vioo, na wazee wetu wavuvi waliokubali kuacha kazi asubuhi hii waje kunisikiliza.

Naanza na swali: jetski ni chombo? Naona mzee pale mbele anatabasamu. Kwetu pwani swali hili halina uzito. Jahazi ni chombo, ngalawa ni chombo, hata mtumbwi unaovuja ni chombo, maadamu umembeba mtu juu ya maji. Lakini Uingereza swali hilohilo lilifika hadi mahakama ya rufani. Mwaka 2004, katika ghuba ya Weymouth, mtu aliyekuwa akiendesha jetski kwa kasi aliigonga jetski nyingine na kumjeruhi vibaya aliyeipanda. Akahukumiwa miezi 6 jela. Desemba 2005 majaji wa rufani wakaifuta hukumu ile. Walisema sheria ya meli inahusu chombo kinachosafiri, na kusafiri ni kutoka mahali kwenda mahali. Jetski inazungukazunguka kwa starehe, haina iendako, basi si meli.

Pengo hilo lilidumu zaidi ya miaka 17. Watu walikufa humo katikati. Sheria ilirekebishwa tarehe 31 Machi 2023, na sasa mwendeshaji jetski anayehatarisha wenzake kule anaweza kufungwa hadi miaka 2. Nimewasimulia haya kwa sababu sheria zetu za bahari zimerithi mengi kutoka kwa Waingereza, na sitaki turithi na kosa hili. Majaji waliuliza jetski inakwenda wapi. Mvuvi aliyeinama kwenye mtumbwi wake anataka kujua itamfanya nini ikimfikia.

Basi tuitazame yenyewe. Jetski haina usukani wa ubao kama mashua. Pampu inavuta maji chini ya tumbo lake na kuyarusha nyuma kwa nguvu, na ukigeuza mkono wa kuiongozea, kama ule wa pikipiki, unageuza mdomo wa bomba linalorusha maji hayo. Maana yake ni kwamba ukiachia mafuta, maji hayarushwi tena, na bila maji hayo mkono ugeuze utakavyo, jetski itanyoosha mbele ilikokuwa ikielekea. Sasa mfikirie mgeni aliyekodi kwa dakika 15. Anaona kichwa cha muogeleaji mbele yake, anashtuka, anaachia mafuta kama mtu afanyavyo kwenye pikipiki, kisha anakata kona. Kona haipo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa anamaliza mita 50 katika sekunde 3, na chini yake pana zaidi ya kilo 300. Zipo jetski za miaka ya karibuni zenye breki, lakini nyingi zinazofanya kazi kwenye fukwe hazina. Mgeni lazima afundishwe jambo hili kabla hajapanda, kwa lugha anayoielewa, na apewe nafasi ya kulijaribu mwenyewe mahali pasipo watu.

Mwaka 1998 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri iligundua kwamba waliokufa kwa vyombo vingine vya starehe wengi walizama, lakini kwa jetski wengi waliuawa na kishindo cha kugongwa. Kwa hiyo jaketi la kuokoa maisha ni la lazima, nalo peke yake halitoshi.

Wenzetu wamefanya nini? Florida huruhusiwi kuendesha kabla ya miaka 14, wala kukodi kabla ya 18, na baada ya nusu saa tangu jua kuzama hakuna jetski majini. Ufaransa imeweka ukanda wa mita 300 kutoka ufukweni ambamo mwendo ni noti 5 tu, kama kilomita 9 kwa saa.

Ukanda huo naupenda, ila nasi tusiuchukue vivi hivi. Bahari yetu inakupwa na kujaa. Siku za bamvua, maji yakitoka, watu wanatembea kwa miguu hadi karibu na mwamba: wanaotafuta pweza, watoto, watalii. Mita 300 utazihesabu kutoka wapi, pale maji yalipokuwa asubuhi au yalipo saa nane mchana? Kwa maoni yangu tuweke maboya yenye rangi, yaonyeshe njia moja ya jetski kutoka na kurudi, na maji yakipwa kabisa njia ifungwe. Wazee wavuvi ndio waseme maboya yakae wapi, maana wanajua watu wanapita wapi.

La mwisho ni hii kamba ya kuzimia injini. Upande mmoja hufungwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye jaketi, upande wa pili huchomekwa kwenye jetski. Ukianguka inachomoka na injini inazima. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 Marekani inawalazimu hata waendeshaji wa boti ndogo za kasi kujifunga kifaa cha namna hii. Huku nimeona vijana wameifunga kamba kwenye huo mkono wa kuiongozea kabisa, isiwasumbue. Anayefanya hivyo akianguka, jetski inaondoka bila mtu.

Nimekuja nazo tano. Naomba zipite mkono kwa mkono, kila mmoja aivae, aivute, aone inavyochomoka.