Bodi Halijajaa, Ekseli Imeshalemewa

NEEMA: Karibu msikilizaji. Leo tuko na pikapu ndogo ya kazi na mzigo unaopita kipimo. Kaka Bakari, wapakiaji wengi hutazama bodi: likiwa bado lina nafasi, wanaongeza.

BAKARI: Kosa linaanzia hapo hapo, dada Neema. Chukua bodi la urefu wa mita 2.2, upana mita 1.5, kina sentimita 40. Ukilijaza sawasawa na kingo zake unapata mita za ujazo 1.3 hivi. Mchanga uliolowa, mita moja ya ujazo ina kilo kama 1,800, na ukinyeshewa sana huzidi hapo. Piga hesabu: umeshavuka kilo 2,300. Na pikapu ndogo nyingi zimeundwa kubeba kati ya kilo 600 na tani moja na kitu.

NEEMA: Sasa kilo 600 za mchanga huo zingefika wapi kwenye bodi?

BAKARI: Kina cha sentimita 10. Upana wa kiganja, basi. Ukitazama kwa mbali utadhani gari halijapakiwa.

NEEMA: Wengine watasema, "Gari langu ni la tani moja, nimeuziwa hivyo."

BAKARI: "Tani moja" ni jina la kundi la magari. Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko au bamba kwenye nguzo ya mlango. Lisipokuwepo, vipimo viko kwenye kitabu cha gari. Tafuta uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo, kisha toa uzito wa gari tupu. Tuseme jumla ni kilo 2,700 na tupu ni 1,750. Zinabaki 950. Lakini hizo 950 zinabeba kila kitu kilichoongezwa, watu wakiwemo. Dereva na vibarua wawili, kilo 75 kila mmoja: 225. Keria ya chuma: 60. Sanduku la zana: 80. Umebaki na kilo 585. Hiyo ni mifuko 11 ya saruji ya kilo 50. Wa 12 umeshapitiliza.

NEEMA: Na mafuta?

BAKARI: Soma kitabu kinasemaje, maana watengenezaji hawapimi gari tupu kwa namna moja. Kama tangi halikuhesabiwa, lita 70 za dizeli ni kilo 58 hivi. Mfuko mwingine wa saruji huo.

NEEMA: Tuje kwenye kupanga mzigo. Tuseme niko ndani ya kipimo, lakini nimeweka vitu vizito mkiani kwa sababu ndiko kunakopakuliwa haraka.

BAKARI: Hapo unaweza kuwa ndani ya uzito wa gari zima na bado umeivunja kanuni ya ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu ya kushoto na kulia. Kila ekseli ina kipimo chake. Ekseli ya nyuma ni kama kiungo cha katikati cha bembea ya ubao ya watoto: kinachokaa nyuma yake kinainua pua. Chukua gari ambalo ekseli zake ziko mita 3 mbali. Weka kilo 300, mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haipokei 300, inapokea 400, kwa sababu imenyang'anya mbele kilo 100.

NEEMA: Na mbele ndiko kuliko na usukani.

BAKARI: Usukani, na breki zinazofanya kazi kubwa zaidi. Tairi la mbele likipungukiwa uzito halishiki barabara vizuri. Utausikia usukani mwepesi, kama unaelea, na kwenye kona gari linanyooka wakati wewe umekata. Usiku taa zako zinampiga anayekuja usoni. Kwa hiyo vitu vizito viwe chini, visukumwe mbele vilalie ukuta wa bodi upande wa kibanda, na vyepesi ndivyo viende nyuma. Nondo ndefu nazo zitazame: ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita, kwa hiyo ya mita 12 ni karibu kilo 10.7. Nondo 50 ni kilo 533, na sehemu kubwa inaning'inia nje ya bodi. Hiyo ni kazi ya gari refu, siyo pikapu.

NEEMA: Ni kitu gani kinachoanza kufa?

BAKARI: Mara nyingi ni tairi, na halitoi taarifa. Tairi lililolemewa linajikunja ubavuni kila mzunguko, kujikunja kunaleta joto, joto linaachanisha tabaka za ndani. Linapasuka mwendo ukiwa mkali, jua likiwa kali. Soma ubavu wake, pale penye vipimo vya ukubwa. Utaona namba kama 91, 100, 106. Hizo ni alama za uwezo: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800, 106 ni kilo 950.

NEEMA: Kwa hiyo mtu akitoa tairi za mizigo za 106 akafunga za gari dogo za 91 kwa sababu zinaingia kwenye rimu…

BAKARI: Ekseli yake ya nyuma imeshuka kutoka kilo 1,900 hadi 1,230, na bodi halijabadilika hata kidogo! Tena hizo namba zinahesabika upepo ukiwa kamili. Kibandiko cha mlangoni mara nyingi kina vipimo viwili, gari tupu na gari lenye mzigo. Jaza tairi zikiwa za baridi, kabla ya safari. Ukipima njiani tairi likiwa la moto utakuta upepo umepanda. Usiutoe, ni joto hilo, na likipoa utabaki na tairi legevu.

NEEMA: Fundi mmoja atasema: ongeza bapa la springi, gari halitakaa chini.

BAKARI: Naomba msikilizaji atulie hapa kidogo. Bapa la ziada linazuia nyuma isizame. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, chesisi, yaani fremu ya chuma iliyobeba gari, ni ile ile, breki ni zile zile. Kipimo cha gari hakikupanda hata kilo moja. Kuna baya zaidi. Pikapu nyingi za muundo wa zamani zina valvu ya breki za nyuma yenye mkono ulioshikana na ekseli. Nyuma ikizama, mkono unasukumwa, valvu inafungua presha zaidi kwenda breki za nyuma. Ukiongeza bapa, gari limebeba kilo 900 lakini nyuma haijazama. Valvu inaona gari tupu! Inabana presha ya nyuma, breki za mbele zinabeba kazi peke yake. Ukibadilisha springi, valvu hiyo lazima irekebishwe kwa maelekezo ya mtengenezaji.

NEEMA: Na mteremkoni?

BAKARI: Joto tena. Breki zinageuza mwendo kuwa joto, na joto hilo linapanda kwa mraba wa kasi. Ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60, kazi ya kusimamisha gari inapungua kwa asilimia kama 44. Ukizishikilia breki mteremko mzima, mafuta yake yanaweza kuchemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya lazima yastahimili angalau nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango cha chini ni 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na kanyagio linazama mpaka sakafuni. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini izuie, breki uziguse kwa vipindi.

NEEMA: Asiye na mizani karibu atajuaje?

BAKARI: Gari likiwa tupu, mahali tambarare, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi. Andika. Kisha pakia mzigo unaoujua uzito, mifuko 10 ya saruji kwa mfano, upime tena. Unapata alama ya kulinganishia. Ikifika mahali ule mpira wa kuzuia ekseli isigonge chesisi umeguswa gari likiwa limesimama, pakua. Lakini springi huchoka, kwa hiyo rudia kipimo, na ukipata mizani pima ekseli moja moja.

NEEMA: Na gari ambalo limeshabebeshwa hivyo kwa miezi?

BAKARI: Simama ubavuni, tazama pengo kati ya kibanda na bodi. Linatakiwa liwe sawa juu na chini. Likiwa pana juu na jembamba chini, chesisi imeinama nyuma ya kibanda. Ingia chini na tochi, futa matope hapo hapo, tafuta rangi iliyopasuka au mstari mwembamba wa kutu kuanzia kwenye tundu au ukingo. Kagua mabapa ya springi kama kuna lililokatika, kaza boliti za U zinazobana springi kwenye ekseli, kwa kipimo cha kitabu. Ukiukuta ufa, usipeleke kwa yeyote mwenye mashine ya kuchomelea. Chesisi ikichomwa vibaya inakatika pembeni mwa weldi. Gari lisipakiwe tena mpaka fundi wa chesisi alione.