Dinosau wa Dola 90: Nani Hupanga Maudhui Mapya ya Mchezo?

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunazungumzia michezo ya mtandaoni ambamo maelfu ya watu hukutana katika ulimwengu mmoja, kila mmoja akiwa na mhusika anayemkuza mwaka hadi mwaka. Swali letu ni hili: kitu kipya kinapoingizwa mchezoni, ni mchezaji aliyefikiriwa au ni hesabu za kampuni? Salim, wewe umeng'ang'ania tuanze na mnyama.

SALIM: Naam, dada Zuhura, kwa sababu mnyama huyo anaeleza mengi peke yake. Mwaka 2018, toleo la nyongeza la World of Warcraft, mmoja wa michezo hiyo, lilileta dinosau wa kupanda aliyebeba mgongoni dalali wa mnada ambako wachezaji huuziana vitu, na bei yake ilikuwa vipande milioni 5 vya dhahabu ya mchezoni. Mwaka 2020 akaondolewa kwa muuzaji wa kawaida. Oktoba 2024 akaja ndugu yake, naye ana mnada pamoja na sanduku la barua, ila huyu aliuzwa katika duka la kampuni kwa dola 90 za Marekani, tena kwa muda maalumu.

ZUHURA: Na ada ya mwezi ya mchezo huo ni dola 14.99, kwa hiyo mnyama mmoja ni sawa na nusu mwaka wa kucheza.

SALIM: Sasa tazama kilichouzwa. Farasi wa nyota aliyeuzwa dola 25 mwaka 2010 alikuwa pambo tu, lakini dinosau huyu anamwondolea mwenye pesa safari ya kurudi mjini kila anapotaka kuuza vitu vyake, na safari hiyo ilibuniwa na kampuni hiyohiyo. Anayeuza dawa ya uchovu hana haraka ya kufupisha njia.

ZUHURA: Hapo sitakufuata mpaka mwisho. Hakuna aliyelazimishwa kununua, na wachoraji nao wanahitaji mishahara. Mimi naona ada ya mwezi ndiyo iliyoubadilisha mchezo kwa undani zaidi, ingawa haipigiwi kelele. Toleo la Novemba 2014 liliufikisha mchezo kwa wateja zaidi ya milioni 10, na katikati ya mwaka 2015 walikuwa wamebaki milioni 5.6, kwani wengi walimaliza hadithi na kukosa la kufanya. Nyongeza ya Februari mwaka huo ilikuwa na kamera ya kujipiga picha!

SALIM: Kamera hiyo ilikuwa kichekesho.

ZUHURA: Baadaye mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba haitataja tena idadi ya wanaolipa ada, na taarifa zake kwa wawekezaji zikawa zinahesabu watu wanaoingia mchezoni kwa mwezi. Toleo la 2016 likaja na silaha za kulishwa nguvu bila kikomo cha karibu, na la 2018 likaja na mkufu wa kulishwa vivyo hivyo, huku sura za hadithi zikigawiwa wiki kwa wiki. Mteja wa kifurushi cha mwezi anauziwa siku, kwa hiyo kazi ya mbunifu inakuwa ni kuzijaza siku hizo, hata kwa vibarua vya kuua nguruwe kumi na kurudi kesho kuua wengine kumi. Toleo la 2022 ndilo lililoacha mzigo huo wa kulisha silaha na mikufu.

SALIM: Basi nami nitoe la kwangu, bila kuutaja mchezo wenyewe. Waliingiza ufundi mpya wa kupika, nikafurahi sana. Siku ya tatu begi la mhusika wangu lilikuwa limejaa: viungo vya aina kumi na mbili, na kila aina ilidai nafasi yake hata kikiwa kipande kimoja cha tangawizi. Nikafungua duka, na bidhaa ya kwanza ilikuwa begi. Nilijiona nimepikwa mimi.

ZUHURA: Ulinunua?

SALIM: Nilinunua mawili.

ZUHURA: Inawezekana kupanga vingine, lakini. Old School RuneScape, mchezo mwingine wa mtandaoni uliofunguliwa Februari 2013 na kampuni ya Jagex ya Cambridge, hupeleka mapendekezo mengi ya maudhui mapya kwenye kura za wachezaji. Zamani pendekezo lilihitaji asilimia 75 ili lipite, siku hizi ni 70, na mengine yamekataliwa waziwazi.

SALIM: Ila hata huko kuna hati za uanachama zinazonunuliwa kwa pesa na kuuzwa kwa dhahabu ya mchezoni, na bei ya uanachama wenyewe haipigiwi kura.