Pima namba kubwa kama ni tasa, bila kujaribu vigawanyo (kreyo na kalkulatrisi tu)

Jambo sana bandugu, tuko Kadutu hapa Bukavu, ile kelele ni jenereta ya jirani juu umeme umekatika, muvumilie. Leo tunapima kama namba ni tasa bila kujaribu kuigawa kwa 3, kwa 5, kwa 7, ile inachosha na mimi siipendi.

Hii ni ya namba za Mersenne peke yake. Munachukua 2, munaipandisha kwa kipeo ambacho chenyewe ni tasa, kuanzia 3, munatoa 1. Tufanye na kipeo 7, inatoka 127. Ndogo sana, najua, ngojeni.

Andikeni 4. Kila mara tunaanza na 4. Sasa: zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa 127, chunga baki, rudia. Mara ngapi? Kipeo toa 2, basi mara 5. 4 inatoa 14. 14 inatoa 194, baki 67. 67 inatoa 4487, unagawa...

Ngojeni, nisogeze telefone, kivuli kinakula tablo. Haya. HAPA ndipo batoto wa etude yangu banaanguka. Kalkulatrisi inaonyesha 35.33 na mtoto anaandika baki 33. Hapana! Shika 35, zidisha kwa 127, ni 4445, itoe kwenye 4487, baki ni 42. Narudia, 42, vile vya nyuma ya nukta si baki!

42 inatoa 1762, baki 111 (musitazame nyuma ya nukta, nimesema). 111 inatoa 12319, na 127 inaingia mara 97 kamili. Sifuri! Ikitoka sifuri kwenye mara ya mwisho, namba ni tasa, imekwisha. Mimi hii sifuri naipenda kuliko goli.

Mfaransa Lucas alithibitisha kwa njia ya namna hii kwamba 2 kipeo 127 toa 1, tarakimu 39, ni tasa, mwaka 1876, mashini hakuna, halafu Lehmer wa Marekani akainyoosha njia. Ile namba tasa kubwa sana ya Mersenne iliyopatikana Oktoba 2024 na Luke Durant, kipeo chake ni 136279841, ina tarakimu 41024320, kwa hiyo unazungusha mara 136279839, hapo kreyo weka chini. Lakini tarakimu yake ya mwisho tunaipata sisi hapa hapa: vipeo vya 2 vinaishia 2, 4, 8, 6 vinazunguka, kipeo kile ukigawa kwa 4 kinabaki 1, basi ni 2, toa 1, inaishia na 1.

Kazi ya nyumbani, kipeo 11, namba 2047, mara 9. Mutamaliza na 1736, si sifuri, juu 2047 ni 23 mara 89. Wafinaliste wanaotaka etude ya jioni waandike hapa chini, na aliyepata baki ya ajabu atume picha ya kaye, nitajua tu ni ile ya nukta.