Kilomita Hazikwambii Saa ya Kufika

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nyinyi mnaosomea kukata tiketi mtaulizwa kila siku: "Kutoka hapa mpaka kule ni mwendo wa masaa mangapi?" Msikimbilie kugawanya kilomita kwa mwendokasi.

Tuanze na nyumbani. Uwanja wa Dar es Salaam na wa Unguja vimeachana kama kilomita 73. Ndege kubwa ikiwa juu hukata karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hesabu hiyo ni dakika tano tu. Lakini wote tunajua ni kama dakika ishirini, maana ndege haijamaliza kupanda imeshaanza kushuka. Ongezeni kuwahi uwanjani, kukaguliwa na kungoja mzigo. Abiria wa Kariakoo anayekwenda Mji Mkongwe, boti ya masaa mawili huenda isimcheleweshe sana. Mwambieni ukweli huo, hata kama mnauza tiketi za ndege.

Sasa twende mbali. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York kwa Boeing 787. Ni takribani kilomita 11,800. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, katikati ya safari utajikuta baharini, nje kidogo ya Mauritania. Chukua tufe na uzi, uvute ukaze: katikati unaangukia karibu na Marrakech! Dunia ni mviringo, na njia fupi ni ile ya uzi.

Kwenda ni kama masaa 15, kurudi kama 14. Kilomita ni zilezile. Kinachobadilika ni upepo. Huko juu, kaskazini ya dunia, upo upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Mabaharia wetu waliongoja kaskazi na kusi wasingehitaji kuelezwa hili.

Halafu saa za mahali. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa Nairobi na ya kufika kwa New York. Ondoka saa tano usiku, majira ya baridi kule, ruka masaa 15: unafika saa kumi na mbili asubuhi. Abiria huona masaa saba. Yale manane mengine ni tofauti ya saa za miji hiyo miwili.

Na hapa naomba mnisikilize sana. Shemeji yangu alikuwa na tiketi ya tarehe 12, saa 00:40. Alifika uwanjani jioni ya tarehe 12, na mizigo yake na watoto wawili. Ndege ilikuwa imeondoka tangu usiku uliopita. Tiketi haikukosea, na yeye alijua kusoma. Kwake usiku wa tarehe 12 ulikuwa haujaingia. Aliyemuuzia alimsomea tarakimu tu, na Kiswahili kinayo maneno ya jambo hili. Semeni: "Unasafiri usiku wa kuamkia tarehe 12, saa sita na dakika arobaini. Tarehe 11, saa tatu usiku, uwe umeshafika uwanjani." Kisha mwombeni arudie kwa mdomo wake, kabla hajalipa.